Nyumba yetu ya Mji wa Kale: babake babu aliijenga au aliinunua?

Mjukuu_Kibokoni

Assalaam aleikum jamani, nna swali refu kidogo, mnivumilie. Nyumba yetu iko Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na msikiti wa Mandhry, ghorofa moja na roshani ya mbao ambayo siku hizi imeinama mbele utadhani yachungulia wapita njia. Tangu tuko wadogo twaambiwa babake babu ndiye alojenga, alirudi na jahazi kutoka Ghuba pesa kibindoni akanunua kiwanja akajenga kwa mikono yake, na babu hakuwa akichoka kuihadithia barazani, kila mwaka hadithi yaongezeka jiwe moja. Ami mkubwa yeye ndo kamaliza, asema nyumba ina miaka mia mbili na ushee.

Sasa yametokea mambo mawili. Babangu alifariki mwaka jana (mumwombee) na maami wakataka mirathi ya nyumba igawanywe, loya akasema leteni karatasi. Tukafungua kasha la nyanya, mna risiti za rates (kodi ya manispaa), picha za harusi, kichupa cha marashi kimekauka, na chini kabisa karatasi imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, ina alama ya dole gumba na stempu ya Kizungu. Sote twasoma Qur'ani lakini huo mwandiko ni wa haraka hauna hata irabu, tumeokota maneno mawili matatu tu, "rupia" tumeiona wazi, na mwaka ami asoma 1231, ndo hapo miaka mia mbili yake ilipopata nguvu.

La pili. Disemba alikuja mama mmoja mtu mzima sana kutoka Muscat na mjukuu wake, akasimama mlangoni akashika nakshi za mlango, akasema mamangu alizaliwa humu. Kiswahili chake cha zamani kuliko chetu wallahi. Tukamkaribisha, akaingia ukumbini akaanza kuhesabu hatua na fimbo yake, moja mbili tatu mpaka saba, akageuka kushoto akaingia jikoni, akagonga sakafu pale penye mtungi wa gesi akauliza, "Kisima mumekifukia?" Jamani hicho kisima kilifunikwa kabla mimi sijazaliwa, hata mke wangu hakujua kama kipo. Asema mamake alimfunza hizo hatua akiwa mtoto, yeye mwenyewe hajawahi kufika Mombasa.

Basi ami mkubwa tangu siku ile hana raha, asema hao wamekuja kupima nyumba. Mimi nataka kujua tu ukweli, nani alijenga, nani walikuwa wenyewe kabla yetu, na twaanzia wapi kutafuta?

Simba_wa_Tudor

Mgeni njoo mwenyeji apone ni zamani bro. Mtu anaenda moja kwa moja mpaka kwa kisima halafu nyinyi mnamtilia chai 😂 fungeni mlango mtafute loya

FundiChokaa

Wewe Simba nyamaza kidogo watu wazima waongee.

Ndugu, mimi ni fundi wa nyumba za kale, nimekarabati nyingi tu hapo Kibokoni na Ndia Kuu, na kitu cha kwanza nakwambia nyumba yenyewe ina mdomo. Karatasi inaweza kudanganya lakini boriti haidanganyi. Chukua futi upime upana wa vyumba vya chini, ukuta kwa ukuta, upande ule mfupi. Kama vyote viko kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hiyo dari imebebwa na boriti za mkoko, kwa sababu mti wa mkoko ulonyooka ukizidi hapo ni shida kuupata na ukiupata wapinda, ndiyo maana nyumba za kale vyumba ni virefu vyembamba kama jahazi. Halafu panda juu upime tena. Kama vyumba vya juu ni vipana na ukiangalia dari waona mbao za kupasuliwa, zimenyooka, zina kona, basi juu na chini havikujengwa na mtu mmoja wala wakati mmoja. Na hizo roshani za kuchongwa nyingi zimeletwa na mtindo wa Kihindi, zimebandikwa kwenye nyumba ambazo zilikuwa zimesimama kitambo.

Kisha nenda pale ukuta umebambuka uchimbe kwa kucha. Ukiona mawe ya matumbawe yamelala kwa chokaa nyeupe ina vijipande vya mkaa ndani, hiyo ni chokaa ya kuchomwa kwa kuni, ya kizamani. Tena nakuomba kwa Mungu kama kuna mtu amepiga plasta ya simiti juu yake mwambieni aache, ukuta wa matumbawe wataka kupumua, ukiuziba unyevu na chumvi hubaki ndani ukuta waoza kama jino, hizi nyumba zinazoanguka kila masika nyingi zimeuliwa na simiti si uzee.

Vigae vya paa viko? Pindua kimoja usome nyuma.

Mjukuu_Kibokoni

Shukran fundi. Nimepima leo. Chini vyumba vyote mita 2.6 au 2.7, dari nyeusi tititi, magogo ya mviringo. Juu sebule ni mita 4 na ushee na dari ni mbao kama ulivyosema!! Paa sasa ni mabati ila uani kuna vigae vimepangwa nyanya alikuwa akiwekea vyungu vya maua, nimepindua, kimoja kimeandikwa BASEL MISSION TILE WORKS MANGALORE na chini 1865. Kwa hiyo nyumba ni ya 1865?

FundiChokaa

Hapana hapana, huo mtego umewanasa wengi mpaka wasomi. 1865 ni mwaka kiwanda kilipoanza kule Mangalore India, wamisheni wa Basel walikianzisha wakawa wanapiga huo mwaka kwenye vigae vyao kama chapa, hata kigae cha miaka arubaini baadaye kimeandikwa hivyo hivyo. Kinachokusaidia ni hilo jina Basel Mission. Baada ya vita vya kwanza vya dunia Mwingereza aliwanyang'anya viwanda vikapewa kampuni nyingine, jina kwenye kigae likabadilika. Kwa hiyo kigae chako pengine kimechomwa kabla ya hapo au wakati huo. Na chaweza kuwa kimetoka nyumba nyingine kabisa, vigae vya uani vina miguu 😀

Bint_Makadara

Pole kwa msiba kakangu. Mimi ni karani kwa loya, kazi yangu kila siku ni kufukuzana na mafaili ya ardhi kwa hiyo nitaandika mengi, atakayechoka aruke.

Huo mwaka kwanza, maana ami yako amewapoteza. Tarakimu ya Kiarabu ya mbili na ya tatu tofauti yake ni jino moja tu pale juu, wino ukififia jino lenyewe halionekani. 1231 Hijria ni kama 1816, Mombasa iko chini ya ukoo wa Mazrui, watu wauziana kwa riale za fedha, sasa Mzungu wa kubandika stempu katoka wapi? Isome hiyo stempu. Kama imeandikwa East Africa and Uganda Protectorates basi haiwezi kuwa kabla ya 1903. Na rupia iliondolewa 1920 ikaja florini, halafu ndo shilingi. Mimi naweka kichwa changu hiyo ni 1331, yaani kati ya Disemba 1912 na Novemba 1913.

Na ukiwa ni mwaka huo ni muhimu sana. Ukanda wa Pwani ulikuwa ule wa maili kumi wa Sultani wa Unguja, Mwingereza auendesha tu kwa mkataba wa 1895. Mwaka 1908 ikapitishwa sheria ya hati za ardhi ya Pwani, kila mwenye kudai kiwanja aende kwa msajili na ushahidi wake, wazee walikwenda na hati kama hiyo yenu na majirani wa kuwashuhudia, alokubaliwa akapewa cheti, na ardhi ambayo hakuna alojitokeza kuidai ikaandikwa ya Mfalme. Vilio vingi vya mashamba ya Pwani mnavyosikia mpaka leo vimeanzia kwenye meza ile. Lakini walopata vyeti vimesimama, hata 1963 Kenya ilipokuwa yachukua ukanda, Kenyatta aliiandikia serikali ya Unguja ahadi kwamba hati za Pwani zilosajiliwa zitatambuliwa. Kwa hiyo tafuteni namba ya kiwanja, risiti za rates ulizosema zina namba ya bloku kwa tarakimu za Kirumi, hiyo ndiyo ufunguo, loya afanye sachi, yaani apekue, kwenye rejista ya zamani asiishie kwenye mpya, maana sheria ya 1908 ilifutwa 2012 na wengine husema hakuna kitu kumbe hawajafunua kitabu chenyewe.

Jingine, muulize loya pole pole: ardhi ni yenu au nyumba tu? Mombasa ni vitu viwili. Kuna watu wana nyumba bila ardhi, ukuta wake lakini kiwanja cha mwengine na babu yake alikuwa akilipa kodi ya uwanja kila mwezi, na wajukuu wakaacha kulipa wakasahau. Angalieni kwenye kasha kama kuna risiti ndogo ndogo za namna hiyo.

Na huyo mama wa Muscat msimwogope bure. Kama wazee wake waliuza wakalipwa, wameuza. Na hata bila karatasi, sheria ya Kenya mtu akikaa miaka 12 wazi wazi bila ruhusa ya mtu na mwenyewe asimfungulie kesi, mlango wa kudai umefungwa. Nyinyi mumekaa zaidi ya miaka mia.

abuu_salim_kuze

Dada umesahau wakfu. Nyumba kibao za Mji wa Kale ni wakfu na watu wanaishi humo wanadhani zao, aende tume ya wakfu aulize kwanza kabla hajagawa mali ya Allah.

Bint_Makadara

Sijasahau kaka nilikuwa napumua. Ni kweli, aulize, sheria ya wakfu ilikuwa ya 1951 na sasa iko ya 2022. Ila ndugu yetu ana hati ya mauzo yenye rupia, na wakfu hauuzwi hivi hivi, kwa hiyo mimi ningeanza kwa kusomewa karatasi.

Mzee_wa_Kahawa

Wanangu, nyinyi mwatafuta makaratasi na watu wangali hai.

Huyo mama mumechukua namba yake ya simu au mumemwacha aende na fimbo yake? Mpigieni. Watu wengi walihama pwani hii kwenda Omani, wengine kabla ya vita, wengine baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, wengine tena miaka ya sabini Sultani Qaboos wa Omani alipokuwa aita watu, na walikoenda walibeba nyumba zao kichwani kama huyo alivyobebeshwa hatua saba na mamake. Yeye ndiye karatasi yenyewe.

Na mimi nna swali moja kwako kijana. Hapo mtaani wazee wa zamani nyumba yenu huiita nyumba ya nani? Usiniambie nyinyi mwaiitaje, nenda kwa bibi yeyote wa miaka themanini pale chochoroni, mnunulie mahamri, muulize.

Mjukuu_Kibokoni

Mzee umenitisha. Nimemuuliza bibi jirani jana. Asema wao wakiwa wasichana ilikuwa ikiitwa "kwa Mwana" fulani, jina nalibana. Huyo ni mamake babu. Nikamwambia lakini mwenye nyumba alikuwa mumewe, akanitazama tu akaendelea kula.

Mzee_wa_Kahawa

Haya. Sasa jiulize mbona haikuitwa kwa bwana. Kwetu zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke, msichana akiolewa wazee humwachia nyumba au chumba ili asije akasimangwa, na mabinti wengi walikuwa na nyumba na mashamba kwa majina yao. Wanaume twakaa barazani twahadithia. Wapita njia wasikia hadithi ya barazani, ya jikoni hawaisikii.

Tafuta maalim alozoea hati za zamani akusomee, si kila ajuaye Kiarabu ataweza, maana zingine ni Kiswahili kitupu kimevaa herufi za Kiarabu.

Simba_wa_Tudor

ngoja nilete popcorn

Mjukuu_Kibokoni

Jamani nimerudi, samahani nilikawia, na hii wiki sikulala vizuri.

Nimempata maalim mmoja wa Kuze, mzee, ana lenzi ya kusomea stempu. Tumekaa naye baina ya maghribi na isha siku mbili. Mwaka ni 1331, Bint_Makadara kichwa chako kiko salama, na stempu ndiyo hiyo hiyo ulosema. Hati nusu Kiarabu nusu Kiswahili, mwanzo na mwisho Kiarabu, katikati pale penye mambo ni Kiswahili. Muuzaji ni bwana mmoja, auza kwa niaba yake na nduguze, "nyumba ya mawe na kisima chake na ardhi yake", neno ardhi limo, namshukuru Mungu. Mipaka yake imetajwa yote minne, kibla (kaskazini) nyumba ya fulani, suheli (kusini) njia, matlai (mashariki) ukuta wa fulani, magharibi njia ndogo, na maalim alipofika hapo mimi nikawa natembea na mtaa mzima kichwani. Nyumba ilikuwa tayari ni nyumba. Hakuna kiwanja kilichonunuliwa.

Halafu mnunuzi. Maalim alisoma akanyamaza, akasoma tena. Mnunuzi ni binti. Ni mamake babu, jina lake na la babake, na imeandikwa amenunua "kwa mali yake". Nikauliza na babake babu je, mumewe, yuko wapi? Maalim akateremsha kidole mpaka chini kwenye mashahidi. Ndiyo huyo. Shahidi wa tatu.

Nilicheka, halafu nikaona haya, halafu nikamfikiria babu yangu na kikombe chake cha kahawa tungu pale nje akisema "babangu kwa mikono yake". Fundi yale uloniambia ya juu na chini, bibi jirani asema ghorofa ndiyo alojenga bwana, kwa hiyo babu hakutudanganya sana, ni nusu ya juu tu aliyotuhadithia.

Nikampigia mama wa Muscat kwa WhatsApp. Nilipomtajia jina la muuzaji alikaa kimya, akasema huyo ni babangu mkuu upande wa mama. Nikamuuliza mbona waliuza, akasema mamake hakumwambia sababu, alimwambia tu kwamba siku ya kuondoka alikunywa maji ya kile kisima mpaka tumbo likauma, na yalikuwa na chumvi.

Sasa tatizo. Mamake babu aliacha watoto watatu, babu na dada zake wawili, mmoja aliolewa Lamu mwengine Malindi. Maami wamekuwa wakigawana kama babu alikuwa peke yake.

Bint_Makadara

Hapo ndo kwenye mzizi. Kama huyo mamake babu hakuacha mume wala mzazi, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, babu yako alikuwa na nusu tu, na kila dada robo. Kama mume alikuwa hai alichukua robo yake kwanza, kisha ndo yakagawanywa, na ya mume nayo yakateremka tena. Yaani mwafaa kufanya munasakha, kifo kimoja kimoja kwa mpangilio mpaka mufike kwenu, na hizo robo za Lamu na Malindi zina wenyewe hata kama hawajawahi kugonga mlango. Nendeni kwa kadhi wote pamoja, katiba ya 2010 imempa mirathi ya Waislamu wanaokubali mahakama yake. Mukienda nusu nusu, kuna siku mjukuu wa Lamu atakuja kuhesabu hatua, na huyo hatakuja kuulizia kisima.

abuu_salim_kuze

Na ami mkubwa kasemaje?

Mjukuu_Kibokoni

Hajaongea na mimi tangu Ijumaa. Alisema maalim hajui kusoma. Jana akaja amekaa barazani dakika kumi, akaniuliza hiyo karatasi nimeiweka wapi, nikamwambia iko kwa loya, akaondoka. Shangazi ndiye anapiga simu Lamu.

Kisima tumekifungua. Tulivunja vigae vya sakafu pale penye mtungi wa gesi, chini yake slebu, chini ya slebu mdomo wa jiwe la mviringo, na kwenye ule mdomo kuna michirizi ya kamba imechimba jiwe, mmoja mpana kidole changu chaingia chote. Maji yako. Nimempelekea mama picha.

FundiChokaa

Usirudishie simiti hapo. Nitapita Jumamosi asubuhi nikuwekee mfuniko wa mbao, na usiruhusu watoto kukaribia mpaka nije.